Simu Ikilia King'ora: Namna ya Kusoma Tahadhari za Majanga kwa Kiingereza Ukiwa Marekani

Kwenye madarasa mengi ya Kiingereza, somo la majanga hufundishwa kwa orodha: tetemeko linaitwa hivi, mafuriko hivi, volkano hivi, nakili daftarini, wiki ijayo mtihani. Kwa mtu aliyehamia Houston, Louisville au Des Moines orodha hiyo haifiki mbali. Yeye janga humjia kwenye simu, saa nane za usiku, kwa mlio wa kutisha na maandishi ya mistari mitano ambayo hana nafasi ya kuyatafuta kwenye kamusi.

Mwongozo huu ni wake, na ni wa yule kijana wa nyumbani anayewasomea wazazi kila karatasi inayoingia. Nimeupanga kwa mfuatano ambao jicho linapaswa kuufuata kwenye ujumbe wenyewe. Maneno ya Kiingereza nimeyaacha kama yanavyotokea kwenye skrini, maana huko ndiko utakakokutana nayo.

Hatua ya 1: Soma neno la mwisho la kichwa kabla ya lile la kwanza

Tahadhari za hali ya hewa hutolewa na National Weather Service, idara ya serikali kuu. Kichwa chake huwa na maneno mawili au matatu: TORNADO WATCH, TORNADO WARNING, FLASH FLOOD WARNING, WIND ADVISORY. Jicho hukimbilia lile la kwanza kwa sababu ndilo linalotisha. Lipeleke kwanza mwishoni.

WATCH maana yake kaa chonjo. Janga halijatokea, ila hewa imekaa mkao wa kulileta. Tornado ni mkonga wa upepo unaoning'inia kutoka kwenye wingu. Watch yake hutolewa na kituo kilichoko Norman, Oklahoma, hufunika kaunti nyingi kwa mpigo na hudumu saa kadhaa. Huo ndio muda wa kuchaji simu, kujua watoto wako kwa nani, kuweka viatu vya kufunika miguu karibu na kitanda na kukumbuka funguo ziko wapi.

WARNING ni jambo lingine kabisa. Janga limeonekana, kwa macho ya mtu au kwa rada, au liko mlangoni. Eneo lake ni dogo na kwa tornado muda wake mara nyingi hautimii saa moja. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa. Tumezoea kwamba onyo ni maneno ya mwalimu au mzazi kabla ya adhabu, kwa hiyo mtu akisikia "warning" hudhani bado kuna nafasi ya kumalizia wali. Hakuna. Kwa hurricane, dhoruba kubwa ya baharini, ndiyo kuna muda: watch hutolewa takriban saa 48 kabla ya upepo mkali kutarajiwa, na warning takriban saa 36.

ADVISORY ni ndogo kuliko hizo mbili. Waliokulia Tanzania wanalijua neno "angalizo" kutoka taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Chukua hilo hilo. Mambo yatakuwa ya usumbufu, endesha gari polepole.

Mara chache sana utaona EMERGENCY, kama TORNADO EMERGENCY. Mji wa Mayfield, Kentucky ulipewa tahadhari hiyo usiku wa tarehe 10 Desemba 2021, na sehemu kubwa ya katikati ya mji ilibomolewa. Ukiona TORNADO EMERGENCY usiendelee kusoma. Shuka chini.

Jambo moja la kushika: tahadhari zinazopiga king'ora kwenye simu, zinazoitwa Wireless Emergency Alerts, hazitumwi kwa ajili ya watch wala advisory. Hizo utazipata kwenye televisheni, redio au programu ya simu. Simu ikilia kwa ajili ya hali ya hewa, ujue ngazi ya kukaa chonjo imeshapita. Huduma hiyo ilianza mwaka 2012, ni ya bure, haihitaji kujiandikisha, na hutumwa kwa simu zilizomo ndani ya eneo husika hata kama namba yako ni ya jimbo lingine.

Kuna mlio unaofanana nao ambao si wa hali ya hewa, nao ni AMBER Alert, wa mtoto aliyetekwa. Najua watu waliostushwa na huo usiku mmoja wakaingia kwenye mipangilio ya simu na kuzima kila kitu. Kama lazima uzime kimoja, AMBER ina swichi yake peke yake. Ile ya Emergency Alerts iache.

Hatua ya 2: Ni hapa? Hadi saa ngapi?

Kwenye simu utaandikiwa "in this area", na hiyo inatosha: mahali ulipo simu hiyo. Kwenye televisheni na redio mambo hubadilika, kwa sababu wao hutaja kaunti, na pengine hawautaji mji wako kabisa. Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Houston iko zaidi ndani ya Harris County, Louisville ni Jefferson County, Des Moines ni Polk County, Lexington ya Kentucky ni Fayette County. Yako iandike kwa herufi kubwa na uibandike kwenye friji, pamoja na majina ya kaunti zilizo upande wa magharibi na kusini-magharibi mwako, kwa sababu tornado nyingi za huko hutokea upande huo. Mtangazaji akitaja jirani, unajua kinachofuata.

Kisha saa. "Until 9:45 PM CDT": hizo herufi tatu za mwisho ni ukanda wa saa, na kama ujumbe uko kwenye simu yako huhitaji kuzihangaikia. Kinachohitaji umakini ni sisi wenyewe. 9:45 PM ni saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Mtu akimpigia shangazi na kumwambia kwa Kiswahili "hadi saa tisa na robo tatu", shangazi atakaa amejificha bafuni hadi alfajiri, au mbaya zaidi, atadhani saa tisa ya mchana imeshapita na yote yamekwisha. Ndani ya familia kubalianeni: kwenye mambo ya tahadhari, saa isomwe kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa.

Hatua ya 3: Tafuta amri

Sasa tuusome ujumbe mzima wa tornado, kwa maneno ambayo huwa unaandikwa:

"National Weather Service: TORNADO WARNING in this area until 9:45 PM CDT. Take shelter now in a basement or an interior room on the lowest floor of a sturdy building. If you are outdoors, in a mobile home, or in a vehicle, move to the closest substantial shelter and protect yourself from flying debris. Check media."

Vitenzi vya amri ndivyo roho ya ujumbe, navyo viko vinne: take shelter, move, protect, check. 

"Take shelter now" ni jifiche sasa hivi. Neno "shelter" hapa halina uhusiano na kambi wala nyumba ya kulala wasio na makazi, ingawa kwenye ujumbe wa hurricane linaweza kuwa na maana hiyo. Ukiona "shelters are open" jua ni majengo kama shule yaliyofunguliwa kupokea watu. "Basement" ni chumba kilicho chini ya ardhi. Nyumba nyingi za Texas hazina, ndiyo maana wanaongeza "interior room on the lowest floor": chumba cha katikati, ghorofa ya chini kabisa, kisichoguswa na ukuta wa nje. Kwa nyumba nyingi hicho ni choo, kabati la nguo au korido. Ukiwa umepanga ghorofa ya tatu, mazungumzo na jirani wa chini yafanyike leo, si usiku ule.

"Mobile home" ni nyumba iliyotengenezwa kiwandani na kuletwa kwa lori. Hata ikiwa imekaa hapo miaka ishirini na ina bustani mbele, bado ni mobile home, na amri ni kutoka. "Flying debris" ni mabati, mbao, vioo na matofali yanayorushwa na upepo. Hayo ndiyo huua wengi kuliko upepo wenyewe. Funika kichwa: godoro, kofia ya pikipiki, chochote. Na "check media" si kwenda Facebook. Ni washa redio au televisheni usikilize.

Amri nyingine ambazo utazikuta, na hizi zijue kwa moyo:

"Evacuate" ni ondoka eneo hilo. Waliotoka Goma hawahitaji kufafanuliwa. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana aliamuru sehemu ya mji ihame na barabara ya Sake ikajaa watu na magodoro. Marekani "mandatory evacuation" ni amri ya kuhama, na "voluntary evacuation" ni ushauri mzito. Ukikaidi ile ya kwanza, mara nyingi hutabebwa kwa nguvu, lakini zimamoto wanaweza wasiweze kukufikia.

"Shelter in place" ni kinyume chake: baki ulipo, funga milango na madirisha. Hutolewa hasa kukiwa na moshi wa sumu au kemikali. Watu wawili wakichanganya hizi mbili, mmoja atatoka kwenye usalama kwenda kwenye hatari, kwa hiyo zifanyeni mazoezi kwa sauti pamoja na watoto.

"Seek higher ground" ni panda juu: kilima, ghorofa, popote palipoinuka. Hiyo ni ya maji. Ndiyo sababu huwezi kusema "janga ni janga": kwenye tornado unashuka, kwenye mafuriko unapanda.

"Boil water notice" huja baadaye, siku ya pili au ya tatu. Chemsha maji ya bomba kabla ya kunywa. Kwa hili sisi tuna uzoefu kuliko majirani zetu.

Hatua ya 4: Majina yanayodanganya

Majina mengi ni rahisi na sitayarudia. Machache yana mtego.

"Kimbunga" kwetu kinabeba mizigo miwili. Hurricane ni ile dhoruba kubwa ya baharini, ndugu wa Idai ya mwaka 2019 na Hidaya iliyofika pwani ya Tanzania Mei 2024. Kwenye Bahari ya Hindi huitwa cyclone, upande wa Japani na Ufilipino typhoon. Inaonekana kwa siku nyingi kabla ya kufika, ina jina lake, na ina upana wa mamia ya kilomita. Tornado ni mkonga wa upepo unaoning'inia kutoka kwenye wingu, upana wake mara nyingi ni mita chache hadi mamia, na huzuka na kupotea ndani ya dakika. Kwa hiyo unapomsimulia mtu kwa Kiswahili, usiseme kimbunga kinakuja ukaishia hapo. Taja jina la Kiingereza. Anayesikia kimbunga akafikiria Hidaya atapakia begi na kuwasha gari, na gari ndiyo mahali pabaya pa kukutwa na tornado.

"Category" 1 hadi 5 ni ya hurricane, na inapima upepo tu. Kuanzia kilomita 119 kwa saa dhoruba huitwa hurricane. Kuanzia 252 ni Category 5. Mvua haimo kwenye hesabu hiyo. Harvey ya Agosti 2017 ilikuwa imeshapungua nguvu ya upepo ilipokaa juu ya Texas, lakini karibu na Nederland ilinyesha zaidi ya inchi 60, yaani zaidi ya mita moja na nusu ya mvua. Mtu akikuambia "imeshuka, ni tropical storm tu", yaani iko chini ya ngazi ya hurricane, hilo "tu" lisikulaze usingizi.

"Flash flood" ni mafuriko ya ghafla, ya dakika hadi saa chache, na yanaweza kukukuta mahali ambapo hakujanyesha tone. "Flood" bila flash hupanda polepole kufuata mto. "Storm surge" ni bahari inayosukumwa na upepo hadi ndani ya mji. Mwaka 2005, wakati wa Katrina, maji ya surge yalivunja kingo za kuzuia maji za New Orleans, zinazoitwa levees, na takriban asilimia 80 ya mji ikazama. 

Kipimo cha maji kwenye matangazo ni inchi na futi. Inchi 6, yaani sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi, zinaweza kumwangusha mtu mzima. Inchi 12 zinaweza kusukuma gari dogo, na futi 2 hubeba magari mengi, hata yale marefu tunayoyapenda. Ndiyo asili ya kibao "Turn Around, Don't Drown": geuza gari, usizame. 

Majira ya baridi ndiyo yanayotukuta watupu, kwa sababu kwetu hakuna mfano wake. "Blizzard" ni theluji na upepo hadi usione mbele. "Ice storm" ni mvua inayoganda ikigusa kitu. Matawi huvunjika na nyaya za umeme hukatika. "Black ice" ni barafu nyembamba isiyoonekana barabarani, inayofanana na lami iliyolowa. "Wind chill" ni baridi inayohisiwa na ngozi kwa sababu ya upepo, nayo ndiyo inayougandisha mwili. Tangu Oktoba 2024 tahadhari ya baridi hiyo imebadilishwa jina, sasa ni EXTREME COLD WARNING. Vipimo ni Fahrenheit: 32 ndiyo maji kuganda, kwa hiyo ukisikia "in the twenties" usivae fulana.

Na hapa kuna neno ambalo ningeliweka juu ya yote kwa familia zetu: "carbon monoxide". Ni gesi isiyo na harufu wala rangi inayotoka kwenye mkaa, jenereta na gari lililowashwa. Februari 2021 umeme wa Texas ulikatika kwenye baridi kali, na mamia ya watu eneo la Houston walifikishwa hospitali kwa gesi hiyo, baada ya kuingiza jenereta au majiko ya mkaa ndani ili wapate joto. Nyumbani jiko la mkaa hukaa sebuleni jioni ya baridi kule Makete au Limuru na mara nyingi watu wakaamka, kwa sababu upepo unapita juu ya ukuta na chini ya mlango. Nyumba za Marekani zimezibwa. Maneno ya kukumbuka kwenye jenereta na grili ni "outdoor use only": nje tu, na mbali na dirisha. Kidude cha ukutani kikipiga kelele na kuandika CO, kifupi cha gesi hiyo, toka nje na watu wote kwanza, kisha upige 911, namba ya dharura.

Hatua ya 5: Sentensi za kupiga 911

Huko hutasoma tena, utasema. Anza na mahali, kwa sababu simu inaweza kukatika: namba ya nyumba, barabara, mji. Kisha sentensi moja fupi. "The water is rising", maji yanapanda. "The roof collapsed", paa limeporomoka. "I am trapped", nimenaswa siwezi kutoka. Hili lina uzito kuliko "stuck", ambalo hutumika hata kwa foleni ya magari. "I smell gas", nasikia harufu ya gesi. "He is not breathing", hapumui. Kama Kiingereza kinakwama, sema "Swahili interpreter, please" na usikate simu. Vituo vingi hutumia wakalimani kwa njia ya simu, na ukimya wa nusu dakika ni wao kuunganisha. Wakikuuliza "Swahili or Kinyarwanda?" taja moja tu.

Hatua ya 6: Maneno ya uharibifu, na pesa zinazofuata

Magazeti yana maneno mengi ya kubomoka: "wreckage", "rubble", "leveled", "swept away", "flattened". Yote yanasema palikuwa na kitu, sasa hakipo, na kwa kusoma habari inatosha. Yatofautishe tu yanayohusu watu: "injured" ni majeruhi, "missing" hawajulikani walipo, "displaced" wamepoteza makao, na "death toll" ni idadi ya waliokufa kwa wakati huo, ambayo hubadilika kwa siku kadhaa.

Kwenye fomu ni jambo tofauti, kwa sababu huko kila neno lina bei. Wakaguzi wanaotathmini uharibifu kwa ajili ya FEMA, wakala wa serikali wa maafa, hupanga nyumba kwa ngazi: "affected" imeguswa lakini inakalika, "minor damage" inahitaji matengenezo madogo, "major damage" haikaliki bila matengenezo makubwa, "destroyed" haipo tena. Kwa hiyo usiwe na haya ya Kiswahili. Sisi tukiulizwa hali tunajibu "nzuri tu" hata paa likiwa limeondoka. Mkaguzi akiuliza "Is it livable?", anauliza kama mnaweza kulala humo salama. Kama maji ya chooni yameingia vyumbani, jibu ni "No". Mwonyeshe kila chumba. Piga picha kabla ya kufagia, na upige pia kuta zinazoonyesha alama ya maji ilipofika.

Simu ya FEMA ni 1-800-621-3362, na unaweza kuomba mkalimani.

Na bima. Bima ya kawaida ya nyumba, na ile ya mpangaji inayoitwa renters insurance, kwa kawaida hailipi mafuriko. Hailipi maji yaliyotoka nje, kutoka mtoni au barabarani. Bomba likipasuka ndani kwa baridi, hilo mara nyingi linalipwa. Kwa Kiswahili tunaweza kusema kwa yote mawili kwamba nyumba imefurika, na wengine huingia kwenye simu ya kampuni na "my apartment flooded" kumbe ni bomba la jirani wa juu. Sema kilichotokea: "A pipe burst." Kama ni mto, sema ni mto. Bima ya mafuriko hununuliwa peke yake, na ile ya mpango wa serikali, NFIP, kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia, kwa hiyo ukiisubiri hurricane watch umechelewa.

Atakayekuja kukagua kwa niaba ya bima anaitwa "adjuster". Muulize "What is my claim number?", yaani namba ya dai lako, iandike, na jina lake pembeni na tarehe. Kila simu baada ya hapo huanza na namba hiyo.